Jina la Baba kwenye Fomu ya Wegesa

1

Dirisha lilitangaza kosa hilo kwa sauti ya upole, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, wagonjwa wote waliokaa kwenye benchi la nje walisikia.

"Sampuli ya baba imetolewa na mwanamke. Hili ni kosa la kituo. Tafadhali rudieni hatua ya kwanza."

Tabibu Gesabo Matiko alikaza taya. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na thelathini kati ya hiyo alikuwa ameitumia katika zahanati ya Nyabikonde. Hakuna aliyewahi kumwambia arudie hatua ya kwanza ya jambo lolote.

"Mwanamke yupi?" aliuliza Bibi Nyangi Mugesi akiwa kitini. "Mimi?"

"Linasema wewe, Bibi."

"Na lilitaka niwe nani?"

Nje kwenye benchi, Mzee Nchagwa, aliyekuja kwa ajili ya magoti yake, hakuweza kujizuia. "Bibi Nyangi! Tangu lini umekuwa jogoo?"

"Tangu wewe ulipoacha kuwika," alijibu Nyangi bila kugeuka, na benchi zima likacheka.

Gesabo hakucheka. Kwenye kioo kirefu cha Dirisha kilichojaa ukuta mzima alikuwa ametokea Daktari Eligiva Mnzava, bingwa wa jeni, aliyekaa makao makuu, kilomita mia saba kutoka hapo. Alionekana kana kwamba amesimama chumbani: koti lake lilikuwa na doa la chai mfukoni, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekwisha ona wagonjwa ishirini tangu asubuhi. Juu ya kichwa chake saa nyekundu ilihesabu kurudi nyuma. Kila kituo kilipewa dakika kumi na moja. Zilibaki nane.

"Tabibu," alisema daktari, "kwenye kisanduku cha baba umeandika Nyangi Mugesi."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiye." Gesabo alijinyoosha. "Daktari, Bibi Nyangi hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa hiyo alioa. Alipeleka ng'ombe, akamwoa Robhi huyu unayemwona hapa, na watu wakala wakashiba. Mtoto anayezaliwa na Robhi ni wa nyumba ya Nyangi. Ni nyumba ntobhu. Hata daftari la kijiji limeandikwa hivyo tangu enzi za babu zetu. Nimejaza fomu kwa ukweli."

"Nimesoma habari zake, na ninaziheshimu. Ila Dirisha halijazisoma. Linachouliza si nani mwenye nyumba. Linauliza chembe zilitoka kwa nani."

"Basi wangeandika hivyo kwenye fomu!"

Daktari alifumba macho kidogo, kisha akageukia godoro lililokuwa sakafuni. "Wegesa, hujambo? Simama nikuone."

Wegesa alikuwa msichana wa miaka minane. Alijigeuza akapiga magoti, akaweka mikono chini, kisha akajipandisha polepole kwa kusukuma magoti yake mwenyewe, mkono mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepanda mti ambao ni mwili wake. Ilimchukua muda mrefu. Mama yake, Robhi, alikaza vidole kwenye kanga lakini hakumsaidia, maana walishaambiwa wasimsaidie.

"Sasa puliza."

Hapo uso wa mtoto ukachangamka. Kupuliza ndiyo sehemu aliyoipenda. Alishika mrija, akajaza mashavu, akapuliza mpaka macho yakamtoka. Dirisha likaandika: 51.

"Hamsini na moja," alisema daktari. "Nisikilizeni vizuri. Misuli yake inakufa kidogo kidogo kwa sababu amerithi kasoro mbili, moja kwa mama na moja kwa baba. Dawa ipo. Lakini haipikwi kiwandani. Inaoteshwa ndani ya chembe hai za wazazi wote wawili, ili mwili wa mtoto usiione kuwa mgeni. Za Robhi tunazo. Bila za aliyemzaa kwa upande wa pili, hakuna dawa. Na pumzi yake ikishuka chini ya arobaini, Dirisha halitaruhusu dawa hata mkimleta baba kumi. Moyo hautastahimili."

"Zamu yetu ijayo ni lini?" aliuliza Robhi. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Dirisha lilijibu lenyewe. "Kwa sababu ya kosa la kituo, mmehamishiwa mwisho wa foleni. Zamu yenu ni baada ya siku sabini na mbili."

"Siku sabini na mbili!" Gesabo alipiga meza. "Mtoto anashuka! Daktari, liambie—"

"Haliambiki, Tabibu. Nami nalipigia kelele kama wewe. Ngoja, nita—"

Saa ilifika sifuri. Uso wa daktari ukatoweka huku mdomo ukiwa wazi.

"Asante kwa kutumia Dirisha," ilisema sauti ya upole. "Je, umeridhika na huduma? Bonyeza uso unaocheka au uso unaonuna."

Gesabo alibonyeza uso unaonuna kwa nguvu hadi kidole kikamuuma.

"Asante. Maoni yako ni muhimu kwetu."

2

Gesabo hakulichukia Dirisha tangu mwanzo. Alikumbuka miaka ambayo mtoto kama Wegesa angebebwa siku mbili ndani ya basi kumfuata bingwa, na bingwa mwenyewe wakamkuta amesafiri. Dirisha lilikuwa limeifuta safari hiyo. Saa tatu kamili Daktari Mnzava alionekana Nyabikonde, na dakika kumi na mbili baadaye alikuwa anaangalia ulimi wa mtu huko Ukerewe. Kidole cha chuma kilichotoka ubavuni mwa kioo kilitoboa ngozi, kikanyonya damu matone matatu, na kufikia jioni kilikuwa kimeisoma nasaba ya mtu hadi kwa wazee waliosahaulika majina.

Hata sheria iliyowabana hakuiona ya kijinga. Katika miaka ya mwanzo dozi zilioteshwa kwa kuamini maneno ya watu. Wanaume walijitaja kuwa baba kwa ajili ya heshima, kumbe sio. Dawa iliingia mwilini mwa mtoto kama adui, na mtoto alikuwa maiti kabla jua halijazama. Walikufa kumi na wanne. Ndipo ikatungwa Sheria ya Nasaba: hakuna dozi bila chembe zilizothibitishwa mbele ya bingwa, na anayethibitishwa kuwa baba anaandikwa kuwa baba katika kila daftari la serikali, moja kwa moja, bila kuulizwa mara ya pili. Mtoto anabeba jina lake, anahesabiwa kwake na kurithi kwake.

Gesabo aliisoma sheria hiyo yote, kurasa mia mbili na kumi, kwa sababu hakuwa mtu wa kuhadithiwa. Aliingia zahanati hiyo akiwa mfagiaji. Kidato cha nne alikisoma kwa masomo ya jioni, ufagio ameuegemeza mlangoni mwa darasa, na cheti alikipata akiwa na miaka thelathini na mmoja. Tangu hapo alikuwa na tabia ya kusahihisha. Alisahihisha matangazo ya mazishi yaliyobandikwa ofisi ya kijiji. Aliliandikia Dirisha barua za malalamiko zenye aya na nukta mahali pake, na alihifadhi nakala zake ndani ya bahasha ya kaki.

Siku ya pili baada ya kosa lile, mchana, alikuwa anachemsha vifaa Nyangi alipoingia na kufunga mlango nyuma yake.

"Ukae palepale ulipo," alisema mama huyo. "Na usinitazame kwa macho hayo."

"Macho gani, Bibi?"

"Ya mtu anayehesabu."

Gesabo alizima jiko. Kulikuwa na jambo moja ambalo yeye, Nyangi na Robhi walilijua, na ambalo Mzee Nchagwa na benchi zima walilikisia bila kulisema, kwa kuwa si la kusemwa. Miaka tisa iliyopita Nyangi alimwendea Gesabo, wakati huo akiwa mgane wa miaka miwili, akamwambia kwamba nyumba yake inahitaji mtoto mwenye kichwa. Walikunywa uji wa ulezi kutoka kibuyu kimoja, na Gesabo akatamka: nitakayemwacha humo si wangu, na ulimi wangu hautamwita wangu hadi nizikwe. Alipofika mtoto, alimzalisha Robhi kwa mikono yake mwenyewe na kuandika kadi ya kliniki kama alivyoandika kadi za watoto wote. Alimchanja. Hakumbeba hata mara moja zaidi ya ilivyohitajika.

"Nilikuchagua kwa kichwa chako," alisema Nyangi. "Kumbe ndani ya kichwa umenifichia ugonjwa."

"Sikuujua, Bibi. Haujionyeshi mpaka nusu mbili zikutane."

"Najua. Nimesema tu kwa hasira." Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, fimbo kati ya magoti. "Kidole chako hutakiweka pale."

"Bibi, zimebaki siku sabini."

"Ukikiweka, mtoto ni wako. Nyumba yangu inakuwa haina mtu. Shemeji zangu wanangoja shamba lile tangu mume wangu azikwe. Walishindwa kwa sababu ya Wegesa. Nimeshamwambia kwamba naye akikua ataoa, kama nilivyooa mimi, na moto hautazimika. Sasa wewe uje uuzime kwa tone la damu?"

"Na nisipokiweka?"

Nyangi alitazama sufuria iliyokuwa bado inatoa mvuke.

"Tafuta njia nyingine," alisema mwisho. "Si umesoma?"

3

Alitafuta. Hakuna aliyeweza kusema Gesabo hakutafuta.

Aliandika barua ya tisa, akaomba fomu iongezwe kisanduku kimoja: mwenye nyumba. Akajibiwa kwamba maoni yake ni muhimu. Aliandika ya kumi, akaomba chembe zipokelewe bila jina. Akajibiwa kwa aya ileile, nukta kwa nukta. Alipiga simu ya msaada. Sauti ilimtaka abonyeze moja kwa Kiswahili, na alipobonyeza moja ikamwambia kwamba mazungumzo haya yanarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma, kisha ikampigia muziki wa kinanda kwa dakika arobaini.

"Wanataka nini hasa?" Mzee Nchagwa, aliyekuwa amerudi na magoti yaleyale, alimuuliza Gesabo.

"Wanataka ukate tamaa wewe mwenyewe, ili wasilaumiwe," alijibu Gesabo.

"Basi wamempata mtu mbishi," alisema mzee. Kisha akasafisha koo, akatazama dari. "Ingawa Tabibu, wakati mwingine dawa ya kidonda iko mfukoni mwa mganga. Mimi sijasema kitu."

"Hujasema kitu, Mzee. Kunja goti."

Wegesa aliletwa kila Jumatatu kupuliza. Arobaini na nane. Arobaini na tano. Wiki ambayo mahindi yalianza kutoa mbelewele, arobaini na tatu. Mtoto mwenyewe alidhani ni mchezo wa kushuka, akauliza akifika sifuri atapewa nini.

Jumatatu hiyo Robhi alimlaza mtoto kwenye godoro, kisha akarudi mezani kwa Gesabo peke yake. Katika miaka minane hawakuwahi kuzungumza zaidi ya chanjo na homa. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mabega yamepanuka kwa kubeba.

"Tabibu, nikuulize. Mnazungumza nini wewe na Mama mkifunga mlango?"

"Mambo ya fomu."

"Mnagombania jina." Sauti yake haikupanda. "Mama anasema nyumba, wewe unasema kiapo. Mimi usiku namgeuza mtoto mara nne kwa sababu hawezi kujigeuza. Namvusha kizingiti cha choo mgongoni. Jana ameniuliza kwa nini kijiko kimekuwa kizito. Kijiko, Tabibu! Hilo jina mnalogombania, akishakufa mtamwita nani nalo?"

Gesabo alitaka kumwambia kwamba chembe hazipokelewi ila mbele ya bingwa, kwamba hata angetaka kufanya kwa siri leo hii asingeweza, kwamba aliapa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Nitazungumza naye tena," alisema.

"Umezungumza vya kutosha," alijibu Robhi, akaenda kumwinua mwanawe.

4

Siku ya sabini na mbili Dirisha liliwaka saa nne na nusu, na Daktari Mnzava akaanza kusema kabla hajaonekana vizuri.

"Tabibu, tusipoteze muda. Apulize kwanza."

Wegesa alipuliza. Mara hii macho hayakumtoka. Pumzi ilikwisha mapema. 41.

Kila mtu chumbani alisoma namba hiyo, hata Nyangi aliyekuwa hajui kusoma kitu kingine.

"Mwezi ujao atakuwa nje," alisema daktari. "Mmempata?"

Gesabo alisimama wima kama mbele ya wasimamizi wa mtihani. "Daktari, nina swali la sheria. Kama mtu mwenye chembe hizo alikula kiapo mbele ya nyumba ya mtoto, na nyumba haijamfungua, sheria inasemaje?"

"Haisemi kitu. Haijui kiapo."

"Na kama mtu huyo ana kazi inayohusu sampuli? Tuseme, katika kituo."

Daktari alimtazama.

"Tuseme hivyo," alijibu kwa sauti ya chini. "Mtumishi akithibitishwa kuwa mzazi wa mgonjwa anayemhudumia, anaondolewa mezani siku hiyohiyo. Leseni inasimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Wa mwisho niliyemjua ulimchukua miaka mitatu. Mtoto anahamia kwenye jina lake. Sina namna ya kulilainisha hilo, Tabibu. Nimejaribu kwa wengine. Dakika tano."

Gesabo aliutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa mkono uliojua kufagia, kuandika, kutoa watoto na kufunga macho ya wazee. Kidole cha chuma kilikuwa kimejitokeza ubavuni mwa kioo, kinangoja, kinang'aa. Umbali ulikuwa hatua mbili. Akageuka kwa Nyangi.

"Bibi."

"Usiniite."

"Bibi, nifungue."

"Dakika nne," alisema daktari.

Nyangi aliinuka kwa fimbo. Alipita karibu na godoro bila kumtazama mtoto, akamfikia Gesabo, na kwa mkono wake mkavu akamshika kifundo cha mkono kama anavyoshikwa ndama anayegoma.

"Mwanaume gani anangoja kushikwa mkono na kikongwe?" alisema. "Umesoma mpaka umesahau kutembea?"

Akamvuta hatua ya kwanza, kisha ya pili. Alikisukuma kidole cha Gesabo kwenye chuma yeye mwenyewe, akakishikilia hapo huku sindano ikiingia.

"Weka damu," alimnong'oneza. "Mashine na iseme itakavyo. Lakini wewe ulisema ulimi wako hautamwita. Hilo sijakufungua."

Dirisha lilifikiri kwa dakika moja na nusu. Halafu, kwa sauti ya upole iliyofika hadi kwenye benchi la nje, likasema:

"Baba mzazi amethibitishwa. Gesabo Matiko. Hongera!"

Vikatoka vigelegele vya kurekodiwa. Hakuna aliyejua Dirisha lina vigelegele. Vililia chumbani kwa sekunde nzima tano, na nje hakuna hata mtu mmoja aliyecheka. Robhi alifunika uso kwa kanga. Mzee Nchagwa alichukua fimbo yake, akawaambia wenzake kwa sauti kubwa kwamba jua limekuwa kali, wahamie upande wa pili wa jengo; na wote wakahama, ingawa siku hiyo hapakuwa na jua.

"Tabibu," alisema Daktari Mnzava, "naanza kuotesha leo. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Na pole sa—"

Saa ikafika sifuri.

"Meza hii imefungwa kwa mtumishi Gesabo Matiko," ilisema sauti. "Je, umeridhika na huduma?"

5

Dawa ilifika baada ya wiki tatu, ndani ya chupa ndogo kuliko ya dawa ya macho, imeletwa na ndege isiyo na rubani iliyotua uwanja wa shule na kutawanya kuku. Wegesa alikuwa bado na arobaini na moja. Robhi aliapa kwamba mtoto alikuwa anabana pumzi kwa makusudi, asishuke.

Katika wiki hizo tatu mambo mengine yalifika pia. Kadi ya Wegesa ilibadilika yenyewe. Ikasomeka Wegesa Gesabo. Shemeji mkubwa wa Nyangi alionekana asubuhi mbili akipita mpakani mwa shamba, akihesabu hatua. Bahasha ya kaki iliongezeka barua nne, na ndani ya zahanati alikaa tabibu mpya, mama mnyamavu aliyehamishwa kutoka wilaya ya jirani, ambaye hakujua kabati lipi mlango wake hushikwa na kipande cha karatasi. Gesabo alikaa kwenye benchi la nje pamoja na wagonjwa. Aliona kwa mara ya kwanza kwamba benchi hilo lilikuwa fupi mguu mmoja. Miaka thelathini, na hakuna aliyemwambia.

Jina lilipoitwa waliingia wote wanne. Mama mnyamavu alimlaza Wegesa, akaunganisha mrija. Nyangi alisimama pembeni. Daktari Mnzava alikuwa kwenye kioo, nyuma yake saa nyekundu.

"Kabla ya dozi," lilisema Dirisha, "baba atamke kwa sauti yake: Mimi, baba wa mtoto huyu, ninaridhia."

Gesabo alidhani hakusikia vizuri. "Nitie saini."

"Saini haipokelewi. Tafadhali tamka."

"Daktari!"

"Wameongeza mwezi huu," alisema Daktari Mnzava, na kwa mara ya kwanza uso wake ulionyesha hasira tupu. "Kuna watu walighushi saini. Sauti haighushiki. Nimekataa, nimeandika, nimepiga simu. Nikakaa dakika arobaini na kinanda."

"Tafadhali tamka," lilisema Dirisha. "Dozi itaharibika baada ya dakika sita."

Gesabo alimtazama Nyangi. Mwanamke huyo mzee alikuwa amelisikia Dirisha vizuri kama mtu mwingine yeyote. Hakutikisa kichwa, hakukubali. Aligeuka polepole akaelekeza uso ukutani, kama mtu anayempisha mwingine avue nguo.

Basi akatamka. Alitamka maneno yote sita, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe, na Dirisha likafungua mrija.

Dawa ilishuka bila rangi. Wegesa aliifuata kwa macho mpaka ilipoingia mkononi mwake. Kisha akageuza kichwa.

"Tabibu."

"Naam."

"Kwa nini Dirisha limekuita baba yangu?"

Nyangi hakugeuka kutoka ukutani. Gesabo, aliyekuwa amewasahihisha walimu, makarani na waandishi wa matangazo ya mazishi, ambaye hakuwahi kusema uongo hata kwa mgonjwa anayekufa, aliinama karibu na godoro.

"Limekosea," alisema.

"Lakini nawe umesema."

"Ukibishana nalo linakurudisha mwisho wa foleni."

Wegesa alilifikiri hilo. Kila mtoto wa Nyabikonde alijua kwamba ni kweli. "Sasa mimi ni wa nani?"

"Wewe ni wa nyumba ya Nyangi Mugesi. Andika popote, uliza yeyote."

Fimbo ya Nyangi iligonga sakafu. Alikuwa amegeuka. Alitembea hadi kwenye kiti cha pembeni ambako Gesabo alikuwa ameweka kofia na bahasha yake, akavisukuma kando.

"Sogeza makaratasi yako nikae," alisema. "Miguu imeniuma kusimama na mjinga."

Hilo ndilo pekee alilomwambia kuhusu jambo lile, siku hiyo na siku zote.

Dozi zilikuwa kumi na mbili, moja kila mwezi. Mwezi wa pili walirudi. Wegesa alijaza mashavu akapuliza, na chumba kizima kikashusha pumzi pamoja naye. 41. Haikupanda. Lakini kwa mara ya kwanza tangu aanze kupimwa, mwezi mzima ulikuwa umepita bila kushuka.

"Baba atamke," lilisema Dirisha.

Gesabo akatamka. Nyangi akatazama ukuta. Mrija ukafunguka.

"Hongera, baba," lilisema Dirisha. Vigelegele vikalia.

"Limekosea tena," alisema Wegesa.

"Limekosea tena."

"Liandikie barua."

"Nimeshaliandikia kumi na tano," alisema Gesabo, na kwenye kioo zilipotokea zile nyuso mbili, mmoja unaocheka na mmoja unaonuna, akasimama kutoka kwenye kiti cha wazazi na kwenda kuubonyeza unaonuna.